Mama Masika, Ile Tezi Waliiona

Mpendwa mke wangu, Mama Masika,

Unakumbuka mkono wako ulivyovunjika kwa kuinua bidoni ya maji? Bidoni moja tu, wewe uliyezoea kupanda mlima na gunia la viazi mgongoni. Daktari wetu wa Butembo ndiye aliyegundua: shingoni tuna tezi nne ndogo kama punje za mchele, na moja yako imeharibika, inanyonya chokaa ya mifupa na kuimwaga katika damu. Akakupasua, akatoa ile aliyoishuku. Ugonjwa ukabaki palepale: kiu, mawe kwenye figo, mifupa kuuma hata ukigeuka kitandani.

Ulimwomba akupasue tena. Akakataa.

"Mama, kwanza tujue iko wapi. Shingo sasa iko na kovu. Nikitafuta mu giza, naweza kukata mushipa wa sauti."

Wewe, uliyekuwa ukianzisha nyimbo kwenye kwaya ya parokia, ulimjibu: "Sauti iende, dokta. Batoto banahitaji mama, hapana mwimbaji."

Hakukubali. Mashine ya kuitafuta ilikuwa Kampala. Tukawaacha watoto Mususa kwa mama yako, tukapita Beni na Kasindi. Kwenye kila kizuizi askari walitushusha garini, nawe ukashuka ukining'inia begani mwangu bila kulalamika.

Kampala walikuchoma dawa mkononi, ukalala chini ya mashine. Daktari akatuonyesha picha: doa jeusi, si shingoni kabisa, bali ndani ya kifua, nyuma ya mfupa, juu kidogo ya moyo. Ulicheka.

"Kumbe! Ilikuwa inajificha kama muasi mu pori."

Ilikuwa mara ya mwisho kukusikia ukicheka hivyo.

Walitaka kwanza wapunguze chokaa katika damu kwa kukutundikia maji, ndipo wakupasue juma lililofuata. Kabla juma halijafika, dereva wa lori kutoka kwetu akatufuata hadi wodini: vita imeingia Mususa, mama yako amekimbia na watoto, hapana mutu anayejua walishika njia gani.

"Papa Masika, tuende."

"Ngojea bakupasue. Mi narudi kubatafuta."

"Donc mi nilale huku kwenye mashuka meupe, batoto banalala mu pori?"

Nilikubembeleza. Daktari naye akakubembeleza. Ukaichomoa sindano ya maji mwenyewe, ukaomba kitenge chako.

Tulirudi tukiwaulizia njia nzima, tukawakuta kijiji cha Mbau, kwa msafirishaji mmoja Mwislamu aliyewafungulia ghala lake. Wote wazima. Ulikaa chini kwenye mifuko mitupu ya kakao, wakakupanda mapajani wote pamoja, nami niliogopa watakuvunja mifupa. Ulinikataza kuwaondoa.

Kisha barabara ya Kasindi, njia yetu ya kurudi Kampala, ikafungwa. Nilikwenda uwanja wa ndege wa Mavivi kila asubuhi. Ndege zilibeba askari tu. Ukawa unakunywa maji bila kushiba, ukaanza kumwita binti yetu Masika kwa jina la dada yako. Hospitalini Beni daktari aliiinua ile picha ya Kampala dirishani, akalitazama doa, akanirudishia.

"Naiona, papa. Mais huku hapana mutu wa kufungua kifua."

Alijua ilipo. Sote tulijua ilipo. Ukafa hivyo.

Mara nyingi nimekukasirikia, Mama Masika. Kisha nakumbuka lile ghala, hasira inakosa pa kukaa.

Juma hili Masika amejifungua mtoto wa kike. Nilipokwenda kumwona aliniuliza, huku akinyonyesha: "Papa, mama aliacha kupasuliwa, akarudi sababu yetu?"

Miaka yote nilimwambia ugonjwa ulikushinda, basi. Safari hii nilisema ndiyo.

Akamlaza mtoto, akaugeukia ukuta.   Nikaona nyanya wa mtoto, upande wa mume, ananitazama kana kwamba nimeleta msiba ndani ya nyumba ya uzazi, nikachukua kofia yangu, nikatoka.

Wewe ungejua la kumwambia. 

Lala, mke wangu. Mifupa isikuume tena.

Mume wako,
Papa Masika