Ndimu Chooni

Jumanne, 14 Mei. Asubuhi ya manyunyu.

Koo bado laniwasha. Mavyaa alimwaga dawa ya klorini chooni, kisha akamimina maji ya ndimu kukata harufu, kama akatavyo shombo ya samaki. Nami ndiye niliyemkamulia!

"Bibi, wacha! Ndimu yaifanya klorini itoe gesi ya sumu!" Mwanangu Rukia akatutoa mbio.

"Wanifukuza kwangu?" mavyaa akacheka, akikohoa.

Barazani Rukia akatupangia ukoo mzima wa klorini: florini kali kupita zote, halafu klorini, bromini, na iodini, mpole hata twapaka kidonda. Atomu ikizidi ukubwa, nguvu ya kunyakua elektroni yapungua. Mpango safi kuliko kabati langu!

Fomu ya shule ya kumwachisha Rukia somo la kemia nilikuwa nimeshaitia sahihi. Nimeichana.

Nalala saa tano na robo usiku.