Upanga Uliovunjika Umerudi Mzima

Jumamosi, Agosti 2006. Kitale.

Mvua imenyesha tangu asubuhi na bado inanyesha, matope ya Kibomet yamenifika kwenye vifundo vya miguu, na nimekasirika. Nimeanza na mvua kwa sababu ndiyo peke yake leo ambayo haikunikosea kwa makusudi.

Nimetoka kutazama sehemu ya tatu ya ile filamu ya pembe ya jiwe. Wanaonisoma hapa wanajua nimeingoja mwaka mzima. Sasa sijui nimtukane nani kwanza.

Nianze na upanga. Katika sehemu ya kwanza upanga wa yule kijana ulivunjika vipande viwili kule mlimani. Tuliona kwa macho yetu, tukasikitika. Sehemu nzima ya pili akazunguka na kipande kiunoni kama mtu aliyebeba mpini wa jembe. Leo ameuchomoa ukiwa mzima, unang'aa. Nani aliuunga? Hatukuonyeshwa mhunzi wala uchawi, hatukuambiwa hata neno moja. Na yule mzee mchawi aling'atwa mkono wa kushoto na joka ukaisha. Leo wa kushoto upo, eti wa kulia ndio umefungwa kitambaa! Watu wenye uwezo wa kutengeneza joka linalotema moto wanashindwaje kukumbuka mkono wa mzee?

Mimi nikiuziwa kitenge chenye kasoro, nakirudisha dukani siku hiyo hiyo. Filamu nairudisha kwa nani?

Lakini hayo ni madogo. Ningeyameza.

Kubwa ni harusi.

Kwa asiyejua kibanda chetu cha video: ni mabati, mabenchi, televisheni moja na dijei. Tunamwita dijei ingawa hapigi muziki. Hukaa kando ya televisheni na maikrofoni, anapunguza sauti ya wenye filamu, kisha anatusimulia yote kwa Kiswahili. Wetu anaitwa Masika. Alilosema Masika ndilo lililotokea, hata kama mimi na Kiingereza changu cha sekondari nimesoma midomo ikisema mengine. Huwapa wahusika majina ya kwetu, na kwa kuwa huku mtu asiye na ukoo ni kama hajazaliwa, huwapa na ukoo pia.

Basi sehemu ya kwanza kijana wa upanga akawa Simiyu, na msichana wa mishale akawa Nasimiyu, na Masika akatangaza kwamba mama zao walitoka ukoo mmoja. Alitaka tu kutuchekesha. Kwa mwenye filamu hilo si kitu. Kwetu Wabukusu maana yake ni moja: hao ni ndugu, na hawaoani hata dunia ikiisha wakabaki wao wawili. Kibanda kilipenda mno. Sehemu ya pili, kila Simiyu alipomshika Nasimiyu mkono kumvusha mto, watu walipiga kelele, "Chunga dada yako, bana!"

Leo wameoana. Kwa maua, kwa tarumbeta, na busu ambalo sikujua nitazame wapi kwa sababu nilikuwa nimekaa na mtu mzima wangu.

Mama mmoja wa nyuma akasema, "Huo ni mwiko!" na zomeazomea ikaanza. Nilidhani Masika atajificha chini ya meza. Wapi! Alikohoa kwenye maikrofoni, akasema, "Jameni, tulieni. Kumbe hawakuwa ndugu. Yule aliyesema ni ndugu alikuwa ameokota maneno ya matangani."

Basi. Undugu wa filamu mbili ukafutwa kwa kikohozi kimoja. Watu wakacheka, wakapiga makofi, na harusi ikaendelea.

Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa kando yangu. Ni Senge.

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Senge ni dada ya baba yangu, na kwetu mambo ya kuoa na kuolewa hayapiti bila neno la senge. Mwezi wa nne Wafula, fundi wa redio kutoka Bungoma, mtu ambaye nimempenda na bado nampenda, alileta wazee wake nyumbani. Chai ilikuwa imeshamiminwa. Senge akaweka kikombe chini akasema alisikia matangani kwamba bibi yake Wafula, mzaa mama yake, alizaliwa katika ukoo wa mama yangu. Hakusema zaidi ya hapo. Wazee waliangaliana, wakachukua kofia zao, wakaondoka bila kumaliza chai. Tangu siku hiyo mimi na Wafula ni ndugu.

Nilimuuliza nani aliyesema. "Ilisemwa," akanijibu. Mama yangu, ambaye angejua, alishafariki. Wajomba wanasema huenda, kwa sababu wasichana wengi wa kwao waliolewa upande wa Malakisi zamani. Baba hajawahi kumpinga dada yake tangu wakiwa watoto. Na wazee wa Wafula walikasirika, wakasema hawatampeleka bibi mzima akahojiwe kama mshtakiwa. Bibi mwenyewe yupo hai huko Malakisi, anapalilia mahindi yake, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumuuliza.

Tulipotoka kibandani nilishindwa kujizuia.

"Senge, wale wawili umewapigia makofi?"

"Si wamesema hawakuwa ndugu?"

"Nani amesema?"

"Si ni dijei."

"Na mimi je?"

Alikaza kitambaa chake kichwani, akatazama matope. "Nekesa, hiyo ni video. Wewe ni mtu."

Wewe ni mtu! Nimelitafuna neno hilo kutoka Kibomet hadi hapa mjini na bado ni chungu. Watu wa video wakikosewa, wanarekebishiwa wakati huo huo, mbele ya umati, kwa vicheko. Mimi niliye mtu, nina damu, nina umri unaokwenda, hadithi yangu ikishasemwa vibaya mara moja imekwisha. Nimemtukana Masika moyoni mchana kutwa, lakini angalau Masika, alipobanwa, alisema aliokota. Senge hajabanwa na mtu. Nani atambana senge?

Naandika haya hapa saiba, duka la intaneti ninapofanya kazi. Hakuna wateja, mvua imewazuia. Nimempigia Baba simu nikamwambia kesho sitakuwa kanisani, nakwenda Malakisi kumuuliza yule bibi mwenyewe alizaliwa kwa nani. Baba akasema tu nivae viatu vya mvua.

Naogopa. Niseme hivyo wazi, kwa kuwa hapa ni kwangu. Hasira inanifanya nionekane mwenye uhakika, na sina uhakika wowote. Bibi anaweza kunitazama usoni akanitajia ukoo wa mama yangu, na hapo hakuna kikohozi cha dijei kitakachonisaidia. Nitarudi Kitale, nitalia, na Wafula nitamwita ndugu, nitajifunza. Lakini nataka kulisikia kwa aliyezaliwa, si kwa waliopokezana sufuria matangani.

Nilikuwa nimeacha kuandika kidogo.

Senge ametoka hapa sasa hivi. Hajawahi kukanyaga saiba hii tangu nianze kazi. Ameingia viatu vyote matope, akazitazama kompyuta kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani, na hakutaka kuketi. Ameweka pakiti ya sukari na majani chai karibu na kibodi yangu.

"Babako ameniambia unaenda Malakisi."

Nimeendelea kuangalia skrini.

"Ukifika usimuulize ukiwa umesimama. Mwache amalize chai kwanza." Amefungua mwavuli mlangoni, mgongo umenigeukia. "Na mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu."

Akaenda zake.

Amesema wakwe.

Labda limemponyoka. Labda ni njia ya mtu mzima ya kukohoa kwenye maikrofoni. Sijui, na sijamsamehe. Kama angekuwa na haya angelisema hilo mbele ya wazee, chai ikiwa moto, vile alivyosema lile lingine.

Lakini sukari nimeifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki isilowe. Kesho nitampikia bibi chai, nitamwachia nafasi anywe mpaka kikombe kiishe, halafu nitamuuliza.