Gauni Lililorudi na Jasho

Kwako dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani, na shemeji je? Kitinda mimba wenu ameota meno? Huku tunapumua tu. Mama hali wala halali. Kila siku ya kutembelea mahabusu anampelekea kaka chakula, anarudi na vyombo vitupu na macho mekundu. Na mimi nimechoka, dada, mpaka cherehani inanionea huruma.

Mji huu unaujua mdomo wake. Tangu rafiki yangu Sindano, mpenzi wa kaka, atoweke, na kiatu chake kimoja kiokotwe kwenye banda la kaka la kuchomelea vyuma, wateja wananong'ona mbele yangu kana kwamba sina masikio. Maiti haijaonekana, lakini sokoni kaka ameshahukumiwa. Kesi yenyewe ni wiki ijayo.

Sasa sikiliza. Mama yake Sindano alileta gauni la marehemu, kama anavyomwita, hapa kwa fundi ninayemshonea, tulitanue ubavuni. Eti anamgawia mpwa wake anayeishi mbali. Nikalifumua, nikalishona, nikamkabidhi. Kesho yake huyo karudi nalo, anasema kwapa linabana. Fundi alilipokea tu. Mimi nikajiuliza: mpwa yuko mbali, nani kalijaribu? Nikalinusa. Lilikuwa na jasho bichi.

Nilipolimaliza nilimwambia fundi nitalipeleka mwenyewe. Mama mtu alikuwa kazini. Nikazunguka uani, nikagonga dirisha lililozibwa kwa magazeti. Gazeti likabanduka pembeni, nikaona jicho, kisha uso mzima. Alikuwa Sindano, tena kanenepa kwa kufungiwa ndani. Nililia kwa furaha, nikamwambia twende tukamtoe kaka.

Akarudi nyuma mpaka ukutani. Akakunja mkono wa blauzi, akanionyesha makovu ya moto, yamepangana. Alisema kaka alimchoma kwa chuma siku aliyomwambia wanaachana, naye akakimbia na kiatu kimoja. Mama yake ndiye aliyetangaza kwamba amepotea, akamficha, ili kaka asimfuate. Nilimuuliza kwa nini hawakushtaki. Alisema nani angemwamini, wakati kaka katengeneza mageti ya nusu ya mji huku akitaniana na kila mtu.

Dada, nilitaka kumwambia ni mwongo. Kisha nikaukumbuka mkono wako wa kushoto, ule ambao mama husema ulimwagikiwa maji ya moto. Uliondoka nyumbani ungali msichana, na hujarudi kulala hata siku moja. Sikuwahi kukuuliza. Nisamehe, nakuuliza leo.

Sindano yuko tayari kusema, ila si peke yake. Njoo kabla ya kesi. Nataka kaka yetu afungwe kwa alilolifanya, si kwa asilolifanya. Mama atatulaani sote wawili, hilo nimeshalikubali.

Nisalimie shemeji, mbusu mtoto. Usipokuja nitaelewa, lakini nitakwenda mahakamani na Sindano mimi.

Mdogo wako akupendaye.