Fundi Sikio, Mashine ya Mapazia Imeshona

Mama, mwaka umetimia tangu ututoke, na badala ya kukaa kimya tukiitazama picha yako, tuna habari ambazo hatuwezi kuzimeza. Tulipanga tukwambie taratibu, kwa heshima, kama watu wazima. Tumeshindwa! Hebu kaa vizuri usikie.

Anayeandika ni binti yako mkubwa. Baba ndiye aliyeanza, akaandika mistari miwili, akafuta mmoja, akasema amemaliza. Unamjua mumeo. Kwa hiyo nimemnyang'anya kalamu, ila maneno ni yetu sote.

Wanaosoma na wajue ulikuwa nani. Ulikuwa fundi wa vyerehani, miaka thelathini na minne, katika chumba kimoja kati ya duka la viatu na kinyozi. Watu walikuita Fundi Sikio, maana hukufungua mashine yoyote kabla ya kuisikiliza. Ulimwambia mwenyewe, "Endesha kidogo," ukalaza sikio juu ya meza, ukafumba macho, halafu ukatoa hukumu: "Mkanda umelegea." Au, "Huyu ana kiu ya mafuta, na wewe ni mchoyo." Mwenye mashine alicheka huku aibu imemshika.

Na ulivyoipenda kazi yako, jamani! Ulikuwa hujavua hata viatu, umeshaanza: "Leo nimeletewa moja imekaa stoo miaka kumi na minane! Kutu tupu! Nikaligusa gurudumu, likakataa. Nikalibembeleza. Weee, limezunguka!" Na mkono wako unazungusha gurudumu la hewani. Tukikwambia Mama, chakula kinapoa, unasema kipoe tu, kina nini.

Siku moja mume wangu, mkweo, akakuuliza kwa adabu zake kazi hii hasa unaipendea nini. Tulimkanyaga mguu chini ya meza, lakini tulikuwa tumechelewa. Ulimjibu mpaka vyombo vikaoshwa. Ulisema mashine ukiifungua ni kama barua usiyojua imetoka kwa nani: unaona kama mwenyewe ana haraka, kama ni msafi, kama kuna fundi aliyemdanganya kabla yako. Na utamu wa yote, ulisema, ni ile nukta moja baada ya kukaza skrubu ya mwisho, kabla hujakanyaga pedeli, wakati hujui itaitika au itagoma. "Hapo moyo unanidunda kama wa bibi harusi." Ulikuwa na miaka hamsini na minane.

Asiyetaka kusikia alikuwa kitinda mimba wako. Alikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno, shati jeupe, kucha safi. Ukitaka kumkumbatia anaruka pembeni: "Mama, mafuta!" Ulicheka, lakini tulikuona usoni. Miaka yote ile hakukaa katika chumba chako zaidi ya dakika kumi, na hizo kumi alizitumia akiwa amesimama.

Siku uliyoanguka, mezani kwako kulikuwa na cherehani ya mshonaji wa mapazia, ile nyeusi, nzito. Ulikuwa umeifungua yote. Na wewe ulikuwa na utaratibu wako ambao hakuna fundi mwingine tuliyewahi kumwona nao: kila skrubu iliyotoka uliifunga shingoni kwa uzi, inayofuata ukaifunga nyuma yake, hivyo hivyo hadi uzi ukawa mrefu kama kamba ya nguo. Ya kwanza kutoka ndiyo ya mwisho kurudi. Hukuandika popote. Ule uzi ndio uliokuwa daftari lako.

Sasa Mama, vuta pumzi. Wiki ya tatu baada ya mazishi tulikubaliana kufunga karakana, na mwenye nyumba akataka ufunguo wake mwisho wa mwezi. Baba akasema atatangulia kusafisha. Alikuwa na majonzi, mikono inatafuta cha kufanya. Mwalimu wa hesabu hata akistaafu hastaafu: akaona nyuzi zimejaa mafundo na grisi, akadhani ni uchafu. Akazikata. Zote! Akaosha skrubu kwa sabuni, za mashine ile pamoja na za vyuma chakavu vyako vya pembeni, akazianika juu ya taulo, akazipanga kwa urefu, kuanzia fupi hadi ndefu, katika vikopo kumi na viwili, kila kikopo na kibandiko chake kwa mwandiko wa ubaoni. Halafu akatuita tuje kuona. Alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Kitinda mimba ndiye aliyegutuka, maana hata asiyetaka kusikia husikia. Alitazama vikopo, akatazama mashine iliyolala tumbo wazi.

"Baba, nyuzi ziko wapi?"

"Nimetupa. Zilikuwa chafu mno."

Baba akasoma nyuso zetu moja moja, akaketi kwenye kigoda chako. "Nimefanya nini?" akauliza. Mama, mtu mzima yule aliuliza kama mtoto.

Na msiba haukosi mwenziwe: hapo hapo mshonaji wa mapazia akaingia. Alikuwa ameazima mashine ya dada yake, na dada sasa anaitaka. Ana mapazia ya ukumbi mzima, madirisha ishirini na sita, na watoto watatu wanaomtazama yeye. Tukamwambia tutamtafutia fundi.

"Nimeshawaendea wawili," akasema. "Wakisikia iko vipande wanasema nikaiuze chuma chakavu. Mimi sichukui vipande. Namtaka mwenyewe aliyeifungua anifungie."

"Mwenyewe hayupo, shangazi."

"Basi aliyepo."

Na kitinda mimba, sijui alishikwa na nini, akasema, "Mimi."

Loo! Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Wewe? Wewe ambaye kifungo kikikatika unanunua shati jipya?" Akanigeuzia mgongo. Akaomba likizo kliniki, akavaa shati kuukuu la baba, akajifungia karakana na vikopo vyake. Zilibaki siku kumi na moja ufunguo urudi kwa mwenyewe.

Siku ya kwanza alilia. Ya pili alitukana, na kinyozi alisikia, akatuletea taarifa. Ya nne akanipigia simu nikiwa kwenye mkutano, nikadhani tumefiwa tena. "Dada! Dada! Skrubu haidanganyi! Weka bisibisi chini, zungusha kwa vidole tu. Kama si ya hapo, mzunguko wa pili inakwama. Kama ni ya hapo, inaingia yenyewe, laini! Nimezipata tisa leo, Dada. Tisa!" Nikasema hongera kwa sauti ya mkutano. Hakujali. Alishakata simu, ana haraka na ya kumi.

Baba hakuthubutu kukanyaga pale. Siku ya saba kitinda mimba akamfuata nyumbani. "Mzee, nani alizipanga hizi kwa urefu?" Baba akainamisha kichwa, "Mimi." Akamwambia, "Basi twende, nakuhitaji. Kila tundu nalipima kwa kijiti, nakutajia urefu, wewe unajua kikopo." Mama, ungewaona! Mmoja anaita, "Nusu ukucha!" mwingine anajibu, "Kikopo cha tatu!" mpaka muuza viatu akaja kuuliza wanacheza mchezo gani na yeye aingizwe. Baba alianza kula vizuri juma lile.

Siku ya kumi na moja, saa tisa alasiri, mashine ilikuwa nzima. Mshonaji akaketi, akatia uzi, akakanyaga pedeli. Ikazunguka! Tukapiga makofi. Akainua kitambaa: mshono mmoja umeshika, miwili imeruka, mmoja umeshika, mitatu imeruka. Makofi yakatufia mikononi. Na mwenye nyumba huyu hapa mlangoni, anaangalia saa.

Kitinda mimba alikuwa mweupe midomo. Baba akasema polepole, "Umejitahidi, mwanangu." Kitinda mimba alimwambia mshonaji, "Endesha, lakini taratibu." Halafu, Mama, akalaza sikio mezani. Lile shavu lisilotaka mafuta! Akakaa hapo, macho amefumba, sisi tumebana pumzi, mwenye nyumba naye amebana.

"Ndoano ya kukamata uzi inachelewa," akasema. "Sindano inapanda, ndoano ndipo inafika. Uzi unapitwa." Akalegeza kishikio cha sindano, akakishusha unene wa karatasi mbili, akakaza.

Hakuna aliyekanyaga pedeli upesi. Alimzuia mshonaji kwa mkono, akabaki anaitazama tu ile mashine, kifua kinapanda na kushuka. Halafu akaitikia kwa kichwa: haya.

Ilishona, Mama! Ilishona kuanzia ukingo huu hadi ukingo ule, mshono umenyooka, haujaruka hata mmoja! Mshonaji alipiga kigelegele na pedeli haijasimama. Baba alimkumbatia mwenye nyumba, mtu wa watu, bila kumuomba ruhusa. Na kitinda mimba aliruka akagonga taa kwa kichwa, anacheka, anasema, "Tena! Shona tena nisikie!"

Mwenye nyumba akakohoa, akanyoosha kiganja. Kitinda mimba akafuta mikono kwenye shati, akamwambia, "Samahani sana, mjomba. Ufunguo bado una kazi." Ameiacha kliniki. Foleni sasa inafika kwa kinyozi, na mapazia ya ukumbi yameshaning'inizwa, yote ishirini na sita.

Lakini jana nilimkuta amekaa karakana peke yake, mashine wazi mbele yake, hafanyi kitu. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Mwandikie Mama. Mwambie miaka yote ile alikuwa anasimulia, na mimi sikuwahi kumuuliza swali hata moja. Sasa ninayo mia." Akaiinamia tena mashine. Nami nikamshikia taa.

La kwanza, Mama, anauliza ile springi ndogo ya kukazia uzi, wewe uliishikaje, wakati mtu ana mikono miwili tu.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye hatupi tena uzi wowote, binti yako mkubwa na mumewe, mwanao wa kati, anayekulilia akiwa mbali, kitinda mimba wako, fundi, wajukuu zako wanne, dada zako, muuza viatu na kinyozi, majirani zako wa ukuta kwa ukuta, na mshonaji wa mapazia, anayejihesabu kuwa ndugu nasi hatumkatazi.

Siku zetu zote, Mama, tutakuwa tunakukumbuka.