Mizizi ya Shikore Imefika Bweyeye

Bweyeye, kando ya msitu wa Nyungwe

Maman mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote. Mguu wako umepona? Na Papa, bado anagombana na redio? Mimi ni mzima wa mwili, ila tangu mume wangu Innocent auawe na kamio lake la mizigo njia ya Uvira, nyumba imekuwa kimya mno.

Yule mama mchuuzi amenifikishia ujumbe wako: nirudi Bukavu, huku sina mtu tena. Alivuka mpaka pale Rusizi ya Kwanza, akatembea kutwa nzima kwenye matope, na kifurushi chako cha mizizi michungu ya shikore hakikulowa. Najua unangoja jibu. Niache kwanza nikueleze habari za mama mkwe wangu.

Unajua Mukecuru, bikizee wetu kama wanavyomwita huku, alipoteza wana wawili mwaka wa mauaji ya kimbari. Waliokuja kuwachukua ni majirani aliokuwa akinywa nao pombe chombo kimoja. Tangu hapo hakupokea chakula wala kinywaji ila mkononi mwa Innocent. Innocent akiwa safarini, alikula viazi alivyochoma mwenyewe. Innocent alipokufa, akaacha hata viazi. Alibaki ngozi na mifupa.

Nikaikumbuka shikore yako, ile tuliyokuwa tukiwamwagia kuku ukigeuka. Kwetu kila aliyetoka kuugua malaria alipewa kabla ya kula, uchungu uamshe hamu, kama ulivyofundishwa na marehemu bibi aliyelima bustani ya masista. Nilikuwa bado na vipande vikavu vya zamani. Nikavichemsha mpaka maji yakawa meusi, nikaonja jikoni, nikampelekea. Akanusa, akaenda mlangoni, akamwaga yote. Maman, nililia kwa hasira. Mimi ninayemtekea maji na kumfulia nguo, ananiona mchawi!

Jirani yetu Maman Vestine ndiye aliyenifungua macho.

"Ulionjea wapi?"

"Jikoni."

"Na nani alikuona? Ile maji iko mweusi, inatoka Kongo, na weye unamupatia tu hivi! Huku muntu anakunywa kwanza mbele ya macho ya mwenzake."

Desturi hiyo niliijua kwa pombe ya wageni. Sikudhani inahusu chai ya mgonjwa wa nyumbani kwangu.

Kesho yake nikaketi chini mbele ya Mukecuru, nikanywa nusu kikombe. Uso ulinikunjamana, sikuweza kuuficha. Akanitazama usoni, akasema kwa Kiswahili chake cha soko la Kamembe:

"Iko muchungu sana?"

"Sana, Mukecuru."

"Basi leta. Muntu mwenye anataka kuua anatia sukari."

Akanywa. Jioni akaomba maharage, akayapokea mkononi mwangu. Sasa kila siku ni hivyo, mimi kwanza na yeye baadaye, hata uji, hata maji ya mtungi. Juzi nilishikwa na homa, Maman Vestine akampikia uji na kuuonja mbele yake. Mukecuru hakugusa kitu mpaka nilipoweza kuinuka kitandani.

Ndiyo maana sirudi, Maman. Usidhani nimekusahau. Kuna siku natamani kukaa nawe jikoni hadi kifua kinauma. Lakini nikiondoka, huyu mama atakufa njaa na sufuria imejaa. Siwezi kumfanyia hivyo, na si kwa sababu ya Innocent tu. Nampenda.

Nisalimie Papa, dada yangu mkubwa Béatrice na batoto bake, na shangazi anayeuza samaki wadogo wa sambaza. Shangazi mwambie aache kunitafutia mchumba, machozi yangu hayajakauka.

Hii mizizi uliyonitumia itaisha kabla ya mvua. Usinitumie mingine. Nitumie mbegu.

Ni mimi mwanao wa mwisho,
Espérance