Vibanio vya Mama Yako

Nyumba ya uani, nyuma ya soko,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi. Hujambo? Kifua kimepona, au baridi ya huko bado inakutesa? Sisi tunapumua. Baba yako mdogo goti linamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Barua yako niliisoma mara tatu. Uliniomba kitu chochote cha mama yako, ukaniuliza kama alikufa na kinyongo nawe kwa vile uliondoka bila kuaga. La kwanza lilinishinda, la pili likanishinda zaidi. Unamjua dada yangu, hakuwa mtu wa kusema. Jina lako likitajwa, alianza kuzungumzia sabuni.

Tangu tumzike, chumbani kwake naingia kwa kujilazimisha. Nguo zake aligawa mwenyewe alipojua haponi. Nilikuta pasi, mabeseni mawili na gunia la vibanio vya mbao vya kuanikia nguo. Dobi wa miaka thelathini, urithi wake vibanio. Nilikaa kitandani pake nikalia mpaka nikachoka.

Ndipo nikaona nikutengenezee kiwekeo, cha kuwekea sufuria ya moto mezani. Seremala jirani alinionyesha. Unachomoa waya wa kibanio, unabandika zile nusu mbili mgongo kwa mgongo, kisha unavipanga duara, ncha nyembamba zitazame ndani. Vibanio ishirini na vinne vinatosha, na ukimaliza unapata kama ua.

Cha kwanza nilikibandika kwa gundi ya viatu, ubishi wangu tu. Nikakijaribu na sufuria ya maharage. Gundi ikalainika, sufuria ikainuka na kiwekeo chake, vipande vikamdondokea baba yako mdogo mapajani. Alisema seremala aachiwe useremala, mimi nirudi kwenye maharage. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, halafu nikaona aibu.

Mara ya pili nilitumia gundi ya mbao. Wakati nachagua vibanio ndipo nikaziangalia vizuri alama zake. Unakumbuka mama yako alivyokuwa akivipaka tone la rangi ya kucha, ili nguo za wateja zisichanganyike kambani? Mwalimu alikuwa bluu, muuguzi kijani. Nyekundu ilikuwa yako, uliichagua mwenyewe ulipoanza shule.

Nilitarajia vyekundu viwe vipya, maana huu ni mwaka wa kumi na moja kamba ile haijaona nguo yako. Kumbe ndivyo vilivyochakaa kuliko vyote. Mbao imekuwa kijivu kwa jua, waya umelegea, na rangi imepakwa juu ya rangi.

Nikavipeleka kwa mshonaji wa chumba cha mbele, yule anayeshinda dirishani. Akakishika kimoja, akaacha kushona.

"Kwani hukujua, dada? Kila Alhamisi, ukishatoka kwenda sokoni, alikuwa anafua ile sweta ya shule ya binti yake. Anaianika, jioni anaingia nayo ndani. Siku moja nikamuuliza mbona anaifua na hakuna anayeivaa, akaniambia nishike sindano yangu."

Nikarudi, nikavuta sanduku la chini ya kitanda nililodhani ni tupu. Sweta ipo, safi, imekunjwa, kiwiko kimefumwa upya. Aligawa vyote, hiyo hakuigawa.

Sasa ninaweza kukujibu. Mtu mwenye kinyongo hafui sweta ya mtu kila Alhamisi kwa miaka kumi na moja. Alikuwa na uchungu, na ule ukaidi uliourithi wewe kwake. Mimi najilaumu kwamba tulitenganishwa na ukuta mmoja na sikujua lolote. Ningejua, ningekuandikia angali hai.

Kiwekeo kimo ndani ya kifurushi hiki. Kibanio kimoja chekundu nilikuwa nimeshakichomoa waya, basi nimekitia humo. Vitatu vilivyobaki sikuvivunja, nimevifunga kwa uzi pembeni.

Baba yako mdogo anakusalimu, na bibi pia, ambaye siku hizi anatusahau sote lakini wewe anakuulizia. Wabusu wanao kwa niaba yangu. Mungu akutunze huko uliko, akufungulie njia ya kurudi.

Sweta siitumi. Utakuja kuichukua mwenyewe. Alhamisi iliyopita niliianika mimi.

Akupendaye daima,
Mama yako mdogo