Nguo Kuukuu za Watoto wa Baba Luyen

Tarehe 9, mwezi wa kumi na moja, mwaka wa Panya

Kwa dada yangu mkubwa Nhan,

Pokea salamu za huku bondeni, ambako asubuhi maji ya mtungi yanauma vidole kama kaa. Natumaini wewe, shemeji na wajukuu hamjambo, na kahawa yenu huko milimani imekubali kuiva pamoja mwaka huu. Ukiuliza hali yangu, mimi mzima. Meno ninayo ishirini na mawili, na juzi nilibeba gunia la mpunga mpaka ghalani huku mwenyekiti wa kitongoji, mdogo wangu kwa miaka sita, amekaa chini anahema. Barua hii naiandika mwenyewe. Mwalimu Khai alijitolea kuniandikia, nikamwambia abaki na kalamu yake. Herufi zikipinda, kumbuka ni wewe uliyenifundisha.

Habari kubwa ni kwamba mkwe wangu Thoa ana mimba tena, na mwezi huu ni wa tisa. Unajua ya kwanza ilitoka miezi saba, na wa pili aliishi siku nne. Kwa sababu hiyo hospitali ya wilaya ilisema safari hii aende akakae huko wiki mbili kabla ya siku zake. Thoa akakataa. Kufungasha vitu pia akakataa. Alisema mara mbili alikwisha pakia kikapu, na mara mbili kikapu kilirudi nyumbani kimejaa vilevile kilivyoondoka, kwa hiyo yeye hakigusi tena. Mke wangu unajua hayupo tena duniani. Mama yake Thoa yuko mkoa wa mbali na miguu yake imevimba. Mwanangu Vinh anabeba matofali Hanoi. Nikabaki mimi.

Basi nikafungasha mimi. Mkunga wa kata, binti mmoja anaitwa Tham, aliniandikia orodha kwenye karatasi ya daftari. Nilikwenda nayo sokoni nikanunua pamba, nepi za kitambaa, beseni, na vile vitambaa vya wanawake ambavyo sivitaji hapa. Muuza nguo aliniuliza mbele ya watu, babu, miezi mingapi sasa, mbona tumbo halionekani? Soko zima likacheka. Nikamjibu kwamba mimi nilibeba mzigo vitani miaka tisa, na hakuna kamanda aliyewahi kufungua begi langu akakuta kitu mahali pasipo pake, kwa hiyo anipimie pamba anyamaze. Akanipimia, lakini hakunyamaza.

Kikapu ni kile chekundu cha plastiki chenye mfuniko. Nilikipanga kijeshi. Nilitia chupa ya chai, bakuli, kijiko, tangawizi, kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni, mchele wa siku kumi, kiberiti na kamba mita nane. Tham alipokuja kukagua aliitoa kamba akaniuliza, mzee, huyu mzazi tunamfunga au tunamteka kisimani? Nikamwambia kamba haijawahi kumdhuru mtu aliyekuwa nayo. Akaiweka juu ya meza. Alipoondoka nikairudisha.

Kilichokosekana ni nguo za mtoto. Unajua desturi yetu: mtoto havishwi kipya, anaombewa nguo kuukuu kwenye nyumba ambayo watoto wamekula, wamelala na wamekua. Nikaleta za mwenyekiti. Thoa akatikisa kichwa, nyumba ile wamezika mmoja. Nikaleta za Mwalimu Khai. Akatikisa kichwa, wale wanabanwa kifua kila baridi. Nikamuuliza sasa anataka za nani, za mfalme? Akasema polepole, bila kuniangalia, kwamba katika kitongoji hiki ni nyumba moja tu iliyozaa saba na ikabaki na saba, na baba anaijua. Akasema zikipatikana za nyumba ile ataondoka kwenda hospitali siku hiyohiyo. Zisipopatikana atazalia kitandani kwake, na litakalokuwa liwe.

Nyumba yenyewe ni ya Baba Luyen. Ukuta wetu ni mmoja, na tangu yule nyati wa kulimia, mali ya ushirika wa wakulima, afe, miaka kumi na tisa, sijavuka kizingiti chake. Nilimwomba Tham aniendee. Akasema anayeomba ni mkubwa wa nyumba, na tena nguo zinazotolewa kwa kinyongo ni matambara tu. Mimi si mtu wa kushindwa na mwanamke mjamzito, lakini nilikaa siku mbili nikitazama lile tumbo, kisha nikavaa koti langu la jeshi nikaenda.

Nilikohoa langoni. Mbwa akabweka, halafu akatoka Mama Luyen. Akasema, lo, miaka yote hii unapita hapa shingo upande, leo nani kakunyoosha? Nikamwambia nimekuja kuomba. Akaniambia nirudie, masikio yake yamezeeka. Nikarudia. Nikamweleza habari ya Thoa yote. Hapo akaacha mzaha. Aliingia ndani akarudi na fulana tatu na kofia ya sufu, zilizopita kwa watoto wake saba na wajukuu kumi na mmoja, viraka juu ya viraka. Alizikunja juu ya goti lake akazisemea: ale, alale, asumbue watu mpaka azeeke. Hakudai kitu. Baba Luyen alikuwa pembeni akisuka dema la kutegea samaki. Aliniuliza neno moja tu: yule dada yako Nhan, huko kwenye kahawa, mpaka leo anaamini mimi ndiye niliyemuua nyati? Nikasema sijui. Akaendelea kusuka.

Thoa alizipokea kwa mikono miwili. Alizinusa, akazitia kikapuni mwenyewe, na jioni hiyo tulikuwa hospitali. Leo ni siku ya nne yuko huko. Vinh amekuja. Daktari anasema kichwa cha mtoto kiko chini kama inavyotakiwa. Hajajifungua.

Sasa dada, soma hapa ukiwa umekaa. Baba Luyen hakumuua nyati. Siku ile zamu ya kumchunga ilikuwa yangu mpaka jioni, kisha nimkabidhi yeye. Mimi nilimfunga kando ya bwawa nikaenda kunywa harusini kwa akina Phan. Nilipomkumbuka, giza lilikuwa limeingia, mvua imemlowesha na anatetemeka. Nikamwingiza zizini kwa Baba Luyen kimyakimya bila kumwambia mtu. Asubuhi amekufa. Kwenye mkutano wa ushirika nilisema nilimkabidhi mkavu, kabla ya jua kuzama. Nawe ulisimama ukasema uliniona nikipita naye. Hukuona, dada. Ulisema kwa sababu mimi nilikuambia nilipita, na hukuwahi kudhani nitakudanganya. Kwa maneno yako wewe, ambaye kila mtu alikuamini, yule mtu alikatwa mpunga wa msimu mzima. Walikula pumba na mihogo. Watoto wake wakati ule walikuwa watano, na ni haohao niliokwenda kuomba nguo zao.

Mwenyekiti wa mkutano ule amekufa, na karani amekufa. Tuliobaki ni mimi, wewe na yeye. Ningeweza kunyamaza, kwa maana nguo zimeshapatikana. Lakini nguo zile zilitolewa kwa moyo mweupe, na mimi nilizipokea na uongo mdomoni. Sitaki mtoto avishwe hivyo. Usidhani ni uzee umenilegeza. Nimeamua mwenyewe, kama ninavyoamua siku zote.

Msalimie shemeji, wasalimie wanao kwa majina yao, na mwambie yule mkorofi mdogo kwamba babu wa bondeni bado anaweza kumbeba begani. Jilinde na baridi ya mlimani.

Jibu lako, hata likiwa matusi matupu, usinitumie mimi. Andika jina la Baba Luyen juu ya bahasha.

Ni mimi mdogo wako,
Khoat